Mdudu Anayezika Mzoga ili Alee Watoto Wake



Leo tutazungumza habari za mdudu. Tunajua wengine mtacheka. Mtu ameacha shamba lina magugu, amekuja kusikiliza habari za mdudu, tena mdudu mwenyewe hayupo hapa kwetu! Lakini tuvumiliane kidogo. Huyu si mdudu wa hivi hivi. Anachimba kaburi, anazika, na analea watoto wake kwa kuwalisha kinywani kama njiwa. Wadudu walio wengi hutaga mayai wakaenda zao. Huyu anabaki.

Kwanza tumjue ni nani. Mbawakawa mnawafahamu. Ni wadudu wenye mabawa magumu mgongoni, na chini yake yako mabawa mengine laini ya kurukia. Yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe njiani ni mbawakawa. Dumuzi anayetoboa mahindi ghalani naye ni mbawakawa. Huyu wa leo tutamwita mbawakawa mzikaji. Wataalamu humwita Nicrophorus, jina lililotokana na Kigiriki, maana yake mbeba wafu. Ziko kama aina 70 za jamaa zake, na makao yao ni Ulaya, Asia na Amerika. Kwetu huku, kusini mwa jangwa la Sahara, hawapo.

Kwa sura, wengi wao ni weusi wenye mistari ya rangi ya chungwa mgongoni. Wale wa Ulaya wengi wana urefu wa sentimita moja na nusu au mbili. Yule mkubwa wa Marekani hufika sentimita 3 na zaidi, karibu kidole gumba cha mtu mzima.

Sasa hebu tujiulize. Panya akifa hapa kijijini, nani humzika? Hakuna. Inzi huja kwanza. Halafu sisimizi, siafu, kunguru, mbwa. Kwa siku chache tu kilichobaki ni ngozi na mifupa. Ndivyo ilivyo kote duniani: mzoga ni chakula, na wanaokitaka ni wengi. Inzi ana haraka kuliko wote. Hufika mzoga ukiwa bado na joto, akataga mayai mamia, na funza hutoka upesi. Mbawakawa mzikaji naye anautaka mzoga huo huo, maana watoto wake hawana chakula kingine. Basi afanye nini awashinde inzi, vijidudu vya kuozesha, sisimizi na wanyama wakubwa? Anauficha. Anauzika.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kichwani ana vipembe viwili vyenye vifundo mwishoni. Hivyo ndivyo pua yake. Huruka huku na huku akinusa, na harufu ya mnyama aliyekufa huipata kutoka mbali, hata kama sisi tungepita karibu bila kuhisi lolote. Mara nyingi hawafiki wawili tu, wanafika wengi. Hapo vita huanza. Madume hupigana na madume, majike hupigana na majike. Kwa kawaida mkubwa hushinda. Mwisho hubaki dume mmoja na jike mmoja, na mzoga ni wao. Likumbukeni neno hili la ukubwa, tutalirudia.

Kisha wanaukagua mzoga. Hupita juu yake na chini yake, kama fundi anayepima mbao. Kama ardhi pale ni ngumu au ina mizizi mingi, hulala chali chini ya mzoga wakausukuma kwa miguu mpaka wapate udongo laini. Wakishapata, hawachimbi shimo pembeni halafu wakaangusha mzoga ndani kama tufanyavyo sisi. Wao hukaa chini ya mzoga na kuondoa udongo. Mzoga unazama wenyewe taratibu. Anayetazama kwa juu haoni wachimbaji, anaona panya aliyekufa anatikisika na kudidimia ardhini. Mara nyingi usiku mmoja unatosha.

Pimeni kazi hiyo. Panya mdogo wa gramu 20 ana uzito kama mara mia wa mbawakawa mmoja wa aina ile ndogo ya Ulaya. Ni sawa na mtu wa kilo 60 kumzika tembo dume wa tani 6, usiku, bila jembe. Na msaidizi wake ni mkewe peke yake.

Chini ya ardhi kazi haijaisha. Wanamnyonyoa. Akiwa ni ndege, manyoya yote hutolewa. Akiwa ni panya, nywele hutolewa. Halafu mzoga hukunjwa na kuviringishwa mpaka unakuwa kama donge la ugali. Tena wanaupaka majimaji yanayotoka kinywani na nyuma ya miili yao. Majimaji hayo yana dawa ya kuzuia vijidudu na ukungu, hivyo nyama haiozi upesi. Akina mama mnajua kukausha samaki kwa chumvi na moshi. Huyu hana chumvi wala moshi. Dawa iko tumboni mwake.

Jike hutaga mayai kwenye udongo karibu na mzoga. Baada ya siku mbili tatu hivi, kwa wengine nne, mayai huanguliwa na watoto hutoka. Watoto hawa ni mabuu meupe, madogo, hawana mabawa. Wazazi wameshatoboa tundu juu ya lile donge la nyama. Mabuu hutambaa kwenye udongo mpaka tundu hilo, na wazazi huwaita. Ndiyo, huwaita! Mbawakawa husugua mgongo wake kwa ncha za mabawa magumu, ukatoka mlio kama wa kukwaruza kitana. Watoto wakifika huinua vichwa, hugusa kinywa cha mzazi kwa vimiguu vyao, na mzazi huwatapikia nyama iliyokwisha kulainishwa. Baada ya siku chache wanaweza kula wenyewe, lakini bado huomba. Watoto ni watoto.

Baba naye yupo. Analinda, anapaka dawa, analisha. Kwa kawaida yeye huondoka mapema kidogo na mama hubaki mpaka mwisho. Lakini wataalamu wamejaribu kumwondoa jike kwa makusudi. Ikawaje? Dume aliongeza bidii, akalisha zaidi, akawalea watoto peke yake. Wanaume mliopo hapa mnasikia?

Yuko mtu wa tatu katika nyumba hiyo, au tuseme watu wengi. Mwilini mwa mbawakawa hupanda vijidudu vidogo vya jamii ya utitiri. Wafugaji wa kuku hapa wakisikia utitiri wanajikuna. Lakini utitiri huu haunyonyi damu ya mbawakawa. Umepanda kama abiria apandavyo basi, ili ufike kwenye mzoga. Ukifika unashuka, unakula mayai ya inzi, unazaana, na watoto wake wanapanda mbawakawa wakati wa kuondoka. Kwa hiyo nauli imelipwa, maana mayai ya inzi yakiliwa, funza hupungua na nyama hubaki kwa watoto wa mbawakawa. Ila tusiseme ni rafiki wa siku zote. Pale ambapo hakuna inzi, utitiri ukiwa mwingi huweza kuwadhuru wenyeji wake. Urafiki unategemea adui yupo au hayupo.

Sasa tunafika mahali pagumu. Tulipoieleza habari hii kwenye kikundi kimoja, hapa palitokea kelele, na mama mmoja alisema hataki kusikia tena. Jambo lenyewe ni hili. Jike mara nyingi hutaga mayai mengi kuliko mzoga unavyoweza kulisha. Watoto wakitoka, wazazi huwapokea, na katika siku ya kwanza huwala baadhi yao. Huwala watoto wao wenyewe. Wakishapungua, waliobaki hulishwa na kulindwa mpaka mwisho.

Wataalamu waliopima jambo hili waligundua kwamba upunguzaji huo unafuata ukubwa wa mzoga. Mzoga mkubwa, watoto wengi huachwa. Mzoga mdogo, wachache huachwa. Kwa nini basi asitage mayai machache tangu mwanzo? Kwa sababu mayai yako kwenye udongo na hajui mangapi yataharibika. Anataga ya ziada, kisha anarekebisha.

Na kwa nini wote wasigawane kidogo kidogo, kama tunavyofanya sisi chakula kikiwa haba? Hapa rudini kwenye lile neno la ukubwa. Mbawakawa akishapata mabawa haongezeki tena kimo. Ukubwa wake wa maisha yote unatokana na nyama aliyokula akiwa buu. Watoto 40 wakigawana panya mmoja mdogo, wengi watakufa, na watakaobaki watakuwa vidagaa. Kidagaa hawezi kushinda vita vya mzoga. Asiyeshinda hapati mahali pa kulea. Kwa hiyo kumwacha kila mtoto aishi kungekuwa sawa na kukosa wajukuu.

Sisi hatusemi mdudu huyu ni mkatili, wala hatusemi ana hekima. Ndivyo alivyo. Na asije mtu akatoka hapa akasema bwana elimu ametufundisha tupunguze watoto! Mtu anaweza kukaa na mwenzake wakahesabu magunia yaliyomo ghalani, wakaamua mapema wazae lini, na kliniki ya uzazi wa majira ipo. Mbawakawa hana kliniki.

Hana kliniki, lakini ana jambo la kushangaza kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ulm, Ujerumani, walieleza kwamba jike, wakati watoto bado wachanga na wanahitaji sana kulishwa, hatagi tena mayai. Tena mwili wake hutoa harufu maalumu. Dume akiinusa anajua sasa si wakati wake, anamwacha na wote wawili wanashughulika na watoto. Watoto wakishaanza kujimudu, harufu hiyo hupungua na mambo hurudi kama zamani. Mzee mmoja alituuliza kama harufu hiyo inauzwa madukani. Hapana mzee, haiuzwi.

Na je, mbawakawa anamjua mtoto wake? Hapana, hamjui kwa sura wala kwa harufu. Anachojua ni wakati. Mabuu wakija mapema, kabla mayai yake hayajafikia kuanguliwa, anajua hawa si wangu, anawala. Wakija wakati uliopangwa anawapokea wote, hata kama wamo wa jirani aliyetaga kwa siri pembeni. Wataalamu waliwahi kumwekea mabuu wasio wake kwa wakati uliofaa, naye akawalea kama wake.

Watu wameshangazwa na mdudu huyu tangu zamani. Katika miaka ya 1750 mtaalamu wa Berlin, jina lake Johann Gottlieb Gleditsch, aliona fuko waliokufa bustanini wanapotea. Akachimba, akawakuta mbawakawa. Akachukua wanne akawaweka katika chombo cha kioo chenye udongo, akawa anawapa mizoga. Katika siku 50 walizika vyura 4, ndege wadogo 3, samaki 2, fuko 1 na panzi 2, bila kuhesabu vipande vya nyama. Watu wakaanza kusema mdudu huyu ana akili kama binadamu. Ikasimuliwa hata kwamba chura aliyewekwa juu ya kijiti ili akauke, mbawakawa walichimba shina la kijiti mpaka kikaanguka, wakazika vyote viwili.

Mfaransa mmoja hakuridhika na masimulizi hayo. Aliitwa Jean-Henri Fabre, alizaliwa mwaka 1823 katika familia maskini, akasomea ualimu mjini Avignon na kufundisha miaka mingi. Sisi walimu tunampenda kwa sababu hakusema ndiyo wala siyo mpaka ajaribu. Alichukua mzoga akaufunga kwenye kijiti kilichoinama, ili mzoga uguse ardhi mbali kidogo na shina la kijiti. Kama mbawakawa wana akili ya kufikiri, watachimba kwenye shina. Hawakuchimba. Walichimba pale tu mzoga ulipogusa ardhi. Kamba ya majani alipoitumia kufungia, waliitafuna ikakatika, lakini hiyo ni kazi yao ya kila siku, maana udongoni hukutana na mizizi wakaitafuna vile vile. Akasema: hii ni desturi waliyozaliwa nayo, si fikra. Pengine alikuwa mkali mno kwao, lakini namna yake ya kuuliza swali ni nzuri. Mtu akikuambia jambo la ajabu, usimwite mwongo na usikubali upesi. Mwambie tulijaribu.

Swali lililobaki ni kwa nini hawapo kwetu. Hatuna jibu moja la kuwapa. Wataalamu wengi hutaja joto. Mahali penye joto funza hukua haraka, sisimizi ni wengi, na nyama huoza mapema. Katika nchi za joto ambako mbawakawa hawa wapo, mara nyingi utawakuta milimani kwenye baridi. Kule kisiwa cha Taiwan wako wanaoishi kwenye miteremko ya milima. Mwaka 2014 watafiti wa huko walitoa habari nzuri sana. Juu mlimani, penye baridi na inzi wachache, mbawakawa hupigana wenyewe kwa wenyewe kama tulivyoeleza. Chini, penye joto na inzi wengi, hupunguza ugomvi. Wengi wanakaa kwenye mzoga mmoja, wanasafisha pamoja na kuwaua funza pamoja. Wawili peke yao wangeshindwa na inzi. Adui wa nje akizidi, ugomvi wa nyumbani unapungua, ingawa hauishi kabisa.

Mwisho tuseme habari ya yule mkubwa wa Marekani, kwa sababu nusura apotee duniani. Zamani alionekana katika majimbo 35 ya Marekani na matatu ya Kanada. Ulipofika mwaka 1989 alikuwa anajulikana mahali pawili tu: kisiwa kidogo cha Block Island katika jimbo la Rhode Island, na upande wa mashariki wa jimbo la Oklahoma. Mwaka huo serikali ilimweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Baadaye walionekana wengine katika majimbo machache ya karibu.

Nini kiliwapata? Mbawakawa huyu kwa kuwa ni mkubwa anahitaji mzoga mkubwa zaidi, wa gramu 100 hadi 200, yaani kama njiwa au kifaranga aliyekua. Wa panya mdogo haumtoshi. Sasa, Marekani palikuwa na njiwa aitwaye njiwa msafiri, makundi yake yalifunika anga. Watu walimwinda na kukata misitu yake mpaka wa mwisho akafa mwaka 1914 katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati. Wako wanaosema mbawakawa alipoteza sahani yake hapo. Misitu na mbuga nazo zilikatwa vipande vipande kwa mashamba na barabara. Wanyama wakubwa wawindaji walipouawa, wadogo kama mbweha na rakuni waliongezeka, nao hula ndege wale wale na kuokota mizoga ile ile. Wataalamu hawajakubaliana ni lipi lililokuwa zito zaidi. Sisi tunaona yote yalisaidiana. Angalieni lakini jambo hili: kisiwa cha Block Island hakina mbweha wala rakuni, na ndege wa kimo kinachofaa wapo. Ndiko mbawakawa alikosalimika.

Kazi ya kumrudisha ilianza na inaendelea. Bustani ya wanyama ya Roger Williams, mjini Providence, huzalisha mbawakawa hawa. Kuanzia mwaka 1994 walipelekwa kisiwa cha Nantucket. Watu huchimba mashimo madogo, huweka ndani mzoga wa kware, wakamweka dume na jike, wakafukia. Baada ya siku kadhaa huja kutazama kama kuna watoto. Hebu fikirini, watu wazima wenye vyeti vyao wanatembea na ndoo za kware waliokufa! Bustani ya mji wa Saint Louis nayo iliwarudisha katika jimbo la Missouri mwaka 2012. Na mwaka 2015 jimbo la Rhode Island lilimfanya kuwa mdudu wake rasmi, baada ya wanafunzi wa shule kulipigania jambo hilo.

Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilimtoa katika orodha ya walio hatarini kabisa, ikamweka daraja la chini yake, la walio karibu na hatari. Wengine walifurahi. Wengine walipinga, wakasema ni mapema, hasa kwa sababu hali ya hewa ya kusini inazidi kuwa na joto, na tumeona kwamba joto humsaidia funza kuliko mbawakawa.

Kabla ya maswali, neno moja la hapa kwetu. Msimfuate mbawakawa katika kushika mizoga. Ng'ombe au mbuzi akifa ghafla, damu ikamtoka puani au nyuma, huenda ni kimeta. Msimchune, msimle, mwiteni bwana mifugo. Yule mdudu ana dawa tumboni, sisi hatuna.

Haya, tuanze na akina mama walio kule nyuma. Nani ana swali?